Safu ya Gereji: Fenda Huoza Kutoka Ndani

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja, kana kwamba wasomaji walikubaliana: nyingi zinauliza kuhusu fenda za pikapu za zamani, yaani yale mabati yanayofunika magurudumu. Huenda ni mvua za masika zilizowafanya watu wachungulie chini ya magari yao. Nimechagua barua nne, na ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake mna maswali ambayo wengine wote wameyauliza kwa vipande vipande.

*Mzee, pokea salamu zangu. Marehemu baba ametuachia pikapu ya Peugeot 404 ambayo alikuwa akisafirishia maziwa na nyasi kutoka Limuru. Imekaa chini ya mti kwa miaka tisa. Injini tumeifufua na inanguruma vizuri, lakini fenda mbili za mbele zimeoza kwa chini, karibu na mlango, na ya kushoto ina tundu kando ya taa ambalo ninaweza kupitisha vidole vitatu. Fundi wa kwanza, wa Kariobangi, anasema atajaza fila, ile lipu ya kusawazishia bati, na kupuliza rangi kwa siku mbili. Wa pili anataka nizitupe anitengenezee za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Wa tatu anasema lazima zipelekwe kupigwa mchanga kwa hewa kwanza ili kutu itoke, ndipo aone la kufanya. Sisi watoto tunataka gari lirudi lilivyokuwa baba akiliendesha. Nimsikilize nani? — Msomaji, Buruburu*

Pole kwa msiba, mwanangu, na hongera kwa kutolipeleka gari hilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Watu wa rika langu hawawezi kuiona 404 wasikumbuke gari lililoshinda mbio za magari za Safari mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na pikapu yake ndiyo iliyobeba viazi, maziwa na waombolezaji wa nchi hii kwa muda mrefu kuliko gari lolote ninalolijua. Kuhusu swali lako, nakushauri usimfuate yeyote kati ya hao watatu, ingawa yule wa tatu amekaribia ukweli.

Anza kwa kuelewa ni kwa nini fenda zimeoza hapo na si kwingine. Gurudumu hurusha matope kwenda juu na nyuma. Yale yanayokwenda juu hukwama nyuma ya kikombe cha taa, na yale yanayokwenda nyuma hurundikana katika kona ya chini, pale fenda inapokutana na nguzo ya mlango. Udongo mwekundu wa Limuru ukishashikamana hapo hugeuka sifongo, ukanywa maji wakati wa masika na kuyahifadhi hata Agosti, huku bati la nje likiwa limekauka na kung'aa. Kwa hiyo tundu unaloliona leo lilianza kuchimbwa upande wa pili miaka mingi kabla baba yako hajaliegesha gari chini ya mti. Fundi anayekuahidi siku mbili atashughulikia upande unaoonekana tu, na udongo utabaki nyuma ukiendelea na kazi yake.

Hatua ya kwanza basi ni kuzifungua fenda hizo kabisa. Kwenye gari lako zimeshikwa kwa bolti, jambo ambalo ni neema, maana magari mengi hayakupewa. Bolti zilizokaa miaka tisa bila kuguswa hazitakubali spana siku ya kwanza. Zipake mafuta ya kupenya kutu jioni, urudie asubuhi na jioni ya pili, kisha uzisugue nyuzi zake kwa brashi ya waya kabla ya kuzigeuza. Ikikataa, igeuze kidogo upande wa kukaza ndipo uirudishe upande wa kulegeza, na ikikataa tena ipashe moto, ukihakikisha kwamba hakuna mafuta, petroli wala mpira karibu. Akikatika mkaidi mmoja au wawili, si msiba. Piga picha kwa simu kabla ya kuondoa kila kitu, hasa vile vibati vyembamba na washa, zile pete bapa za bolti, zilizopachikwa kati ya fenda na bodi. Vinaonekana kama takataka, lakini viliwekwa kiwandani ili kusawazisha nafasi, na utavitafuta kwa machozi ukivipoteza.

Fenda ikiwa chini, chukua bisibisi butu na ugonge polepole kutoka upande wa ndani. Bati zima hulia. Bati lililooza hutoa sauti ya kadibodi, na mara nyingine bisibisi hupenya yenyewe. Upande wa nje pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze. Pale itakapoteleza na kuanguka kuna fila nene ya mtu aliyekutangulia. Zungushia maeneo hayo chaki. Mara nyingi picha inayojitokeza huwa mbaya kuliko ulivyotarajia, lakini huwa na mipaka. Ukikuta kwamba theluthi mbili za fenda zingali nzima, na kwa maelezo yako naamini ndivyo ilivyo, basi fenda hiyo ni ya kutengenezwa.

Nikufafanulie pia kwa nini nakataa faiba. Sisemi kwamba ni kitu kibaya, na kwa pikapu ya kazi inayoshinda machimboni ningeweza kuikubali. Lakini faiba hupasuka kwenye matundu ya bolti kwa sababu ya mtikisiko wa barabara zetu, haina mkunjo ule ule wa asili, na haipitishi umeme, kwa hiyo taa iliyokuwa ikipata nagatifu yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia bati la fenda italazimika kuvutiwa waya wake. Zaidi ya hayo, ninyi mmesema mnataka gari la baba. Bati lile alilolisugua mwenyewe kila Jumapili haliwezi kutoka katika kalibu ya mtu.

Sasa kuhusu kupiga mchanga. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka fenda mbili za gari langu mwenyewe katika karakana moja ya Industrial Area, nikawaachia bila maagizo yoyote, nikaenda kunywa chai. Niliporudi zilikuwa nyeupe kama mfupa, hazina hata chembe ya kutu, na zimejikunja mawimbi kama mabati ya kuezekea. Mchanga uliorushwa kwa nguvu nyingi hupiga uso wa bati maelfu ya vinyundo vidogo, uso huo hutanuka kuliko upande wa pili, na bati pana lisilo na mkunjo mkali hufura. Nilitumia wiki sita kulirudisha. Ukilazimika kupiga mchanga, wape kingo, kona na mahali palipokunjwa tu, wapunguze nguvu ya hewa na wasilielekeze bomba mahali pamoja. Na anayefanya kazi hiyo avae kinyago cha haki, maana vumbi la mchanga huharibu mapafu bila kurudi.

Njia ninayoipenda ni ya polepole na inatoka huko huko mashambani kwenu. Nunua molasi, ile wanayopewa ng'ombe, uichanganye sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Kwa kuwa fenda haiingii katika pipa la kawaida, chimba shimo la kina cha kutosha kuizamisha, ulitandike karatasi ya nailoni ya kufunikia sileji, mimina mchanganyiko wako na uizamishe fenda nzima baada ya kuisafisha grisi na lami, kwa sababu molasi haipenyi mafuta. Liwekee shimo kifuniko kizito, kwa usalama wa watoto na kuku. Mchanganyiko utachacha, utoe mapovu na harufu ambayo majirani wa Buruburu hawatakusamehe, ndiyo sababu nasema ufanye kazi hii Limuru. Itoe kila baada ya siku tatu au nne, uisugue kwa brashi na maji, uitazame, uirudishe. Baada ya wiki mbili au tatu kutu itakuwa imeyeyuka hata ndani ya mikunjo ambayo brashi haifiki, na bati zima litabaki kijivu, likiwa limekaa kimya. Siku utakayoitoa mara ya mwisho usiiache ikauke yenyewe. Ioshe kwa maji mengi, ikaushe mara moja kwa kitambaa na hewa, na uipake praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya kukinga kutu, pande zote mbili kabla jua halijatua, ukiacha kingo utakazolehemu, maana bati lililo tupu hushika kutu mpya ndani ya saa chache.

Baada ya hapo ndipo utaona mashimo yote, na yatakuwa mengi kuliko mwanzo. Usikate tamaa. Kata bati lililooza mpaka ufike penye bati lenye unene kamili, kisha uongeze upana wa kidole kimoja. Pembe za tundu ziwe mviringo, zisiwe kali, kwa sababu pembe kali ndipo ufa huanzia. Tengeneza kielelezo cha kadibodi, ukihamishie kwenye bati jeusi, yaani lisilopakwa zinki, la geji 20, ambalo unene wake ni takriban milimita 0.9, baada ya kupima bati lako kwa kaliba ili ulinganishe. Nasisitiza bati jeusi, kwa kuwa nimeona kiraka cha mabati ya nyumba ya geji 30 kwenye fenda ya gari la heshima. Bati hilo halifikii hata nusu ya unene unaotakiwa, na zinki iliyopakwa juu yake ikichomwa hutoa moshi unaomletea mlehemu homa na kutetemeka usiku kucha.

Kona ya chini ni rahisi, kwa kuwa mkunjo wake ni wa upande mmoja, na fundi yeyote mwenye nyundo ataupata. Tabu iko kando ya taa, ambapo bati limejipinda pande mbili kwa wakati mmoja kama ganda la yai. Hapo ningekushauri usimtafute fundi wa magari kwanza. Nenda Kamukunji, kwenye vibanda vya jua kali, uwatazame wale wanaofua karai na sufuria kutoka kwenye bati bapa. Mtu anayeweza kulizamisha bati likawa bakuli kwa kulipiga juu ya gogo lililochongwa shimo, na kisha akaukunja ukingo wake bila kuupasua, ana mkono unaouhitaji. Mpelekee fenda yenyewe, usimpelekee maneno, ili ajaribishie kiraka chake hapo hapo. Nimesimama mbele ya mzee mmoja wa pale aliyepiga kipande cha ukubwa wa kiganja kwa muda usiozidi dakika ishirini. Alikuwa akikiinua kila mara na kukitazama dhidi ya mwanga wa mlangoni, na mara ya tatu alipokiweka juu ya tundu kiliketi bila kuacha nafasi ya kupitisha kucha. Alikuwa hajawahi kumiliki gari.

Kiraka kiingie ndani ya tundu, bati likutane na bati ukingo kwa ukingo. Kupandisha moja juu ya lingine ni haraka, lakini kunaacha mfuko wa kuhifadhi maji nyuma, na ndani ya miaka miwili utakuwa umerudi ulikotoka. Mashine ya kulehemu ya vijiti haifai hapa, kwani itatoboa. Tafuta fundi mwenye mashine ya gesi na waya wa milimita 0.6, au fundi wa zamani wa oksijeni na asetilini ambaye bado ana mkono mwepesi, na ikiwa ni mashine ya waya afanyie kazi mahali pasipo upepo, maana upepo huipeperusha gesi inayoikinga lehemu. Asivute mstari mrefu. Aweke nukta moja huku, nyingine mwisho ule, ya tatu katikati, na asirudi mahali hadi aweze kulaza kiganja juu yake bila kuungua. Bati jembamba likipata joto hutanuka, likipoa hujivuta kuliko lilivyokuwa, na mvuto huo ndio unaoifanya fenda yote ijikunje. Kazi ya sentimita 30 ifanywe kwa alasiri nzima. Fundi akikuambia ataimaliza kwa dakika kumi, mshukuru na uondoke.

Kisha rudisha fenda kwenye gari kabla ya kupaka chochote. Wengi huruka hatua hii. Fungia bolti zote zikiwa nusu legevu, shusha boneti, fungua na kufunga mlango, uangalie nafasi kati yake. Lililopotoka ni rahisi kunyooshwa likiwa bati tupu.

Kunyoosha kwenyewe kunataka nyundo ya bodi na doli, yaani lile bonge la chuma lenye nyuso za mikunjo mbalimbali ambalo hushikwa nyuma ya bati. Ukigonga mahali doli ilipo, unalikandamiza bati kati ya vyuma viwili, nalo hutanuka. Ukigonga pembeni ya doli, kilichoinuka hushuka na kilichozama huinuliwa na doli. Mafundi wachanga hugonga juu ya doli kwa hasira na kulitanua bati hadi likawa linapwaya, ukilibonyeza linaingia kwa mlio wa kopo na kutoka tena. Dawa yake ni kupasha moto nukta ya ukubwa wa shilingi moja katikati ya uvimbe mpaka iwe nyekundu, kuigonga taratibu kandokando, kisha kuipoza kwa kitambaa chenye maji ili ijivute. Nukta chache hutosha. Baada ya hapo pitisha kiganja juu ya fenda ukiwa umevaa soksi nyepesi mkononi, ufumbe macho. Mkono utakuonyesha bonde ambalo jicho limelikosa.

Fila sasa inaruhusiwa. Watu hudhani kwamba mimi ni adui yake, lakini iliwekwa duniani kwa ajili ya kasoro za unene wa karatasi. Isizidi milimita 3 popote, ipakwe juu ya bati lililosafishwa vizuri au juu ya epoksi iliyokwaruzwa, wala isiwekwe juu ya kutu au kujazwa tundu lisilo na bati nyuma. Isuguliwe kikavu, kwa msasa namba 80 kisha 180 uliofungwa kwenye ubao mrefu, kwa kuwa fila tupu hunywa maji. Puliza juu yake ukungu mwembamba wa rangi nyeusi na usugue tena. Palipobaki peusi ni bonde, palipong'aa haraka ni kilima.

Halafu urudi nyuma ya fenda, ambako ndiko tulikoanzia. Maungio yote yapakwe mpira wa kuziba, epoksi nyingine ijazie palipochomwa, kisha mafuta mazito ya nta yanayobaki laini. Usikubali ile lami nyeusi ngumu inayopulizwa ili kuficha kazi mbaya. Ikikauka hupasuka, maji hupenya katika ufa, na hutajua mpaka siku bisibisi itakapopita. Kila mwisho wa masika ingiza mpira wa maji nyuma ya taa na katika kona ya chini, mpaka maji yatoke meupe.

*Fenda ya pikapu yangu ilipakwa rangi Oktoba. Kufikia Februari ilikuwa imejaa malengelenge, mengine makubwa kama punje za mahindi. Fundi anasema ni jua. Je, ni kweli? — Msomaji, Kasarani*

Jua la Kasarani lina makosa mengi, ndugu yangu, lakini si hilo. Chukua sindano utoboe lengelenge moja. Likitoa maji au unyevu, basi maji yalifungiwa chini ya rangi: ama fila ilisuguliwa kwa maji ikapakwa kabla ya kukauka, ama bomba la hewa la fundi lilikuwa likitema maji pamoja na rangi, jambo la kawaida sana Oktoba mvua za vuli zinapoanza na kompresa haina kichujio. Likitoa unga wa kahawia, kutu iliachwa chini nayo imepanda. Jaribu matano au sita sehemu mbalimbali kabla ya kuhukumu, kwa sababu huenda vyote viwili vipo.

Hakuna rangi ya juu itakayoponya hali hiyo. Eneo lote litakwanguliwa hadi kwenye bati. Safari hii mpatane na fundi kwamba utamlipa kwa awamu tatu: bati likiwa tupu na wewe umeliona, praima ikiwa imepakwa, na kazi ikiwa imekamilika. Piga picha katika kila awamu, mbele na nyuma. Fundi mzuri hatachukia, na wengine hujivunia. Ongeza sharti moja kuhusu aina ya rangi. Ile ya NC, ya kizamani isiyochanganywa na kigumu, hukauka upesi na inasamehe makosa, lakini ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu hupata weupe kama pumzi kwenye kioo. Ile ya 2K, inayochanganywa na kigumu ili igande, ni ngumu na hudumu zaidi, ila kigumu hicho kina kemikali inayoweza kuleta pumu kwa anayeivuta, kwa hiyo kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi na watoto wasiwe karibu. Ukiamua kubadilisha rangi ya gari lote, kumbuka kwamba logbuku, yaani hati ya gari, lazima ibadilishwe pia kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, la sivyo utakuwa na gari jeupe lenye hati za kijani na maelezo marefu barabarani.

*Nina Land Rover Series III ya pikapu. Nilisoma hapa zamani kuhusu kusafisha fenda kwa molasi nikataka kujaribu. Fenda ya mbele imebonyea, na penye ribiti, zile pini za kuunganisha mabati, kuna unga mweupe. — Msomaji, Lang'ata*

Simama hapo hapo, dada, usiizamishe. Fenda zako si za chuma. Land Rover ilizaliwa mwaka wa 1948, wakati chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, na waliitengenezea bodi ya aloi ya alumini, desturi iliyoendelea hata katika Series III. Molasi italila bati hilo. Sumaku nayo haitakusaidia kutafuta fila, kwa hiyo tegemea kugonga na kusikiliza.

Unga mweupe ndio kutu ya alumini, na huonekana pale inapogusana na chuma penye unyevu, kwa sababu metali mbili tofauti zikilowa pamoja huwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Bila shaka mtu alipigilia ribiti au bolti za chuma tupu. Ziondoe, safisha unga kwa brashi ambayo haijawahi kugusa chuma, paka praima inayong'ata alumini, na urudishe ribiti za alumini. Palipo lazima bolti ya chuma, weka washa ya plastiki au mpira wa kuziba katikati.

Kuhusu mbonyeo, alumini huwa ngumu kadiri inavyogongwa na mwishowe hupasuka, kwa hiyo ilainishe kwanza. Mafundi wa zamani hutumia sabuni ya kufulia. Paka kipande kikavu cha sabuni juu ya sehemu hiyo kama chaki, ipashe moto kwa mwali mpana unaotembea, mpaka alama ya sabuni iwe kahawia nzito, kisha uondoe moto na uiache ipoe. Usingoje bati liwe jekundu. Alumini haibadiliki rangi kukuonya. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na aloi yake chini kidogo ya hapo, ikidondoka kwenye viatu vyako ghafla. Ikishapoa itakuwa laini kiasi cha kunyooshwa kwa nyundo ya mbao na mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga. Ikipasuka, mpe mlehemu mwenye mashine ya alumini, asiwe yule anayesema atajaribu.

*Tumerudisha fenda ya Datsun 1200 baada ya kupaka rangi. Mlango sasa unaigusa ukifunguliwa, na taa ya upande huo inafifia. Je, tumenunua fenda isiyo yake? Tuliipata Grogan. — Msomaji, Umoja*

Inawezekana, ila usirudi Grogan, yaani Kirinyaga Road kwenye maduka ya vipuri, kugombana bado. Legeza bolti zote za fenda, weka kipande cha kadibodi nene kati ya fenda na mlango uliofungwa, isukume fenda mbele mpaka kadibodi ishikwe kidogo tu, kisha kaza ukianzia juu karibu na kioo na kumalizia chini. Toa kadibodi na uufungue mlango polepole huku mtu mwingine akitazama ukingo. Ukigusa chini peke yake, bolti ya chini inahitaji washa moja au mbili nyuma yake ili fenda isogee nje.

Taa inafifia kwa sababu mmepaka rangi hata mahali inapopata nagatifu. Kwangua rangi chini ya skrubu inayoshika waya wake mpaka bati ling'ae kwa upana wa washa, kaza, kisha pakaza grisi juu yake.